Nani aliiua Miss Match? Hesabu zilizomwangusha wakili mshenga

Tamthilia ya Marekani iitwayo Miss Match ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC Ijumaa ya tarehe 26 Septemba 2003. Krismasi ya mwaka huohuo ilifika ikiwa tayari imeondolewa hewani. Zilitengenezwa sehemu 18, lakini Wamarekani walionyeshwa 11 tu, na zile 7 zilizobaki zikaishia kutazamwa na watu wa nchi za nje. Na kama vile hiyo haitoshi, katika mwezi huohuo wa Desemba mwigizaji wake mkuu, Alicia Silverstone, aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia za vichekesho. Kituo kinamzika, waandishi wa habari za filamu wanamvika shada.

Ukiwauliza wanaoikumbuka kwa nini ilikufa, wengi watakwambia haikuwa na watazamaji. Jibu hilo ni rahisi mno. Watazamaji walikuwepo kwa mamilioni kila wiki, idadi ambayo leo kituo chochote cha Marekani kingeipokea kwa vigelegele. Kilichokosekana ni watazamaji wa aina fulani, usiku fulani, kwa tamthilia iliyo mali ya mtu fulani. Hapo ndipo mambo yanapojifunga fundo, na kulifungua inabidi tuanze na hadithi yenyewe, kwa sababu sehemu ya tatizo ilikuwa ndani yake.

Kate Fox, anayeigizwa na Silverstone, ni wakili wa kesi za talaka jijini Los Angeles. Anafanya kazi katika ofisi ya baba yake, Jerry, anayeigizwa na Ryan O'Neal: mzee mjanja, asiyeamini mapenzi, aliyejenga jina lake kwa kuvunja ndoa za matajiri. Binti anazivunja pamoja naye mchana, kisha jioni anageuka mshenga, akiwatafutia watu wachumba. Kwetu mshenga hutumwa kupeleka posa ya mtu ambaye moyo wake umekwisha kuchagua. Kate anaanza mbali zaidi: anamchambua mteja, anamtafutia mtu, anawakutanisha, anasubiri simu ya kesho asubuhi, na anawasilisha ankara.

Wazo hili halikuzuliwa mezani. Lilitokana na maisha ya Samantha Daniels, wakili wa talaka wa New York aliyegeuka mshenga wa kulipwa, ambaye alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa tamthilia hiyo. Waliolitengeneza kuwa hadithi ya televisheni ni Jeff Rake na Darren Star. Star alikuwa na jina kubwa: ndiye aliyeanzisha Beverly Hills, 90210 mwaka 1990 na Sex and the City mwaka 1998, na miaka mingi baadaye Emily in Paris. Kumweka Silverstone katikati kulikuwa na utani wake pia. Filamu iliyompa umaarufu, Clueless ya mwaka 1995, ni riwaya ya Emma ya Jane Austen iliyohamishiwa Beverly Hills, na Emma ndiye msichana maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiingereza kwa kujifanya anajua nani amuoe nani. Miaka minane baadaye, mwigizaji yuleyule alirudi na kazi ileile, safari hii akiwa na shahada ya sheria.

Kwa nini shahada ya sheria hasa? Kwa sababu ya njaa ya televisheni. Msimu mmoja wa kituo kikubwa cha Marekani wakati huo ulihitaji sehemu 22 hivi. Hadithi ya mapenzi peke yake haiwezi kuzaa visa 22 kwa mwaka bila kuchosha: wawili wanapendana au wanaachana, basi. Ndiyo maana televisheni hupenda polisi, madaktari na mawakili. Ofisi zao zina mlango, na kila wiki mgeni hubisha hodi akiwa na balaa jipya. Ukimfanya mtafuta wachumba wako awe wakili, umepata mlango huo. Kesi inafunguliwa na kufungwa ndani ya dakika arobaini na kitu, huku mapenzi ya mhusika mkuu yakisogea taratibu toka wiki hadi wiki.

NBC ilikuwa imekwisha kuona mchanganyiko wa namna hii ukifanya kazi. Tangu mwaka 2000 ilikuwa na Ed, kuhusu wakili anayeendesha ofisi yake ndani ya ukumbi wa kuchezea tufe (bowling) huko Ohio. Na katika kituo cha Fox, Ally McBeal, tamthilia ya mawakili waliokuwa wakipendana zaidi ya kutetea watu, ilikuwa imefunga pazia Mei 2002 baada ya misimu mitano. Kiti kilikuwa wazi. Kwenye karatasi, Miss Match ilikaa humo vizuri kabisa.

Tatizo la kwanza ni kwamba milango ya Kate ilikuwa miwili. Kuna mteja wa talaka na kuna mteja wa uchumba, na kila mmoja anataka kisa chake katika sehemu moja. Ongeza baba, ongeza rafiki yake Victoria (Lake Bell), ongeza mwanamume anayempenda Kate mwenyewe, na dakika zinakuwa finyu. Kwa maoni yangu sehemu zilizofaulu ni zile ambazo milango hiyo miwili iligongana, yaani mteja wa mchana akawa shida ya jioni. Ilipokosea, ulikuwa unatazama tamthilia mbili nyepesi zikipokezana zamu.

Na mgongano huo ulikuwa na utajiri ambao waandishi waliugusa juujuu. Swali la kweli, ambalo mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye korido za mahakama ya familia angeuliza, ni hili: je, wakili wa talaka anaruhusiwa kweli kumtafutia mteja wake mchumba?

Chukua mfano. Tuseme mwanamke amekuja kwa Kate baada ya ndoa ya miaka 14. Hana kazi, mume ana pesa. California iligawa njia na majimbo mengine tarehe 1 Januari 1970, ilipoanza kutoa talaka bila kuhitaji mtu athibitishe kosa la mwenzake, kwa hiyo hakuna anayegombania nani alikosea. Kinachogombaniwa ni mali, watoto na matunzo. Mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu. Matunzo ndiyo yenye mvutano, na kwa ndoa iliyodumu miaka 10 au zaidi, mahakama hubaki na mamlaka juu yake bila kuweka tarehe ya kikomo, isipokuwa wahusika wenyewe wakubaliane vingine. Tuseme Kate anapambana na kumpatia dola 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 72,000. Ushindi mkubwa, shampeni inafunguliwa.

Jioni Kate anavua koti la uwakili na kumkutanisha mwanamke huyo na daktari wa meno mpole, mjane, mcheshi. Wanapendana. Sheria ya familia ya California, kifungu cha 4337, inasema wajibu wa kulipa matunzo unakoma pale anayeyapokea anapoolewa tena, kama hakuna maandishi yanayosema vingine. Siku ya harusi dola 72,000 zimeyeyuka. Na hata wasipofunga ndoa, wakianza tu kuishi pamoja, kifungu cha 4323 kinaipa mahakama dhana kwamba mahitaji ya mpokeaji yamepungua, na ni yeye anayepaswa kuthibitisha kuwa hayajapungua.

Kwa maneno mengine, mshenga amebomoa alichojenga wakili, na wote wawili ni mtu mmoja anayelipwa mara mbili na mteja mmoja. Mtu ambaye angefaidika kwelikweli na ushenga wa Kate ni yule mume wa zamani. Kwa hesabu safi ya pesa, yeye ndiye angestahili kulipa ankara ya jioni. Hicho ni kichekesho ambacho hakihitaji hata kuandikiwa mizaha. Ni mgongano wa maslahi katika umbo lake halisi. Kanuni za mwenendo za mawakili wa Marekani hazisemi kwamba wakili asiwe na kazi nyingine. Anaweza kufuga nyuki, anaweza kuimba harusini, anaweza kutafutia watu wachumba. Zinasema kwamba maslahi yake binafsi yasimtie kigugumizi katika kumtumikia mteja, na kama kuna hatari hiyo, mteja aelezwe waziwazi na aridhie kwa maandishi. Wakili makini angeandika barua: mama, ukikubali nikutafutie mume, fahamu kwamba nikifanikiwa utapoteza kiasi hiki. Mapenzi yaliyotanguliwa na barua ya namna hiyo yana ladha yake.

Kizito zaidi ni siri. Kila mtu anayeachana California hulazimika kufichua mali yake: mishahara, akaunti, madeni, nyumba, hata gharama za mwezi, kwa fomu na chini ya kiapo. Wakili wa talaka mwenye wateja wengi ana kabatini mwake taarifa ambazo mshenga yeyote duniani angezinunua kwa bei ya dhahabu. Anajua nani ana fedha kweli na nani anaendesha gari la mkopo. Anajua nani alimpiga mkewe. Sheria ya California inamwamuru wakili alinde siri za mteja wake hata kama kufanya hivyo kunamweka yeye mwenyewe hatarini. Hayo ndiyo makali ya lugha yake. Sasa Kate anapomwambia mteja wa jioni kwamba yule bwana hamfai, amejuaje? Kama amejua kwa kusoma faili la mchana, amekwisha kuvunja kiapo. Kama anajua na ananyamaza, ameuza huduma mbovu. Hakuna mlango wa tatu.

Upande wa ushenga nao una sheria zake, jambo linalowashangaza wengi. California huuhesabu mkataba wa kutafutiwa mchumba kuwa mkataba wa huduma wenye kinga za mlaji: mteja anaweza kuufuta ndani ya siku tatu za kazi baada ya kusaini na kurudishiwa pesa zake. Sheria imezingatia kwamba mtu aliyeachwa juzi, akiwa amekaa mbele ya mshenga mchangamfu, anaweza kusaini chochote. Na mshenga wetu anakutana na watu hao katika wiki mbaya kuliko zote maishani mwao, kisha anawauliza kama wangependa kukutana na mtu. Tena kwa mujibu wa sheria ya jimbo hilo ndoa haivunjiki kabisa mpaka ipite miezi sita tangu upande wa pili upelekewe hati. Kwa hiyo wateja wengi wa Kate, wakati anawapangia chakula cha jioni, bado walikuwa wake na waume za watu.

Samantha Daniels wa kweli aliiona njia panda hiyo na kuchagua upande mmoja: aliweka uwakili kando, akabaki mshenga. Tamthilia haikuweza kufanya hivyo, maana bila ofisi ya baba hakuna mlango wa kesi. Ikabaki kuwa ya vichekesho vitamu pale ambapo ingeweza kuuma. Laiti ingeuma. Lakini si hilo lililoiua. Televisheni imejaa mawakili wanaovunja kila kanuni ya taaluma yao na wanaishi misimu minane. Tugeukie waliokuwa na panga mkononi.

Usiku wa Ijumaa una sifa mbaya katika vituo vya Marekani. Vijana wametoka, walioko nyumbani wamechoka, na wenye bidhaa hawana haraka ya kulipa. Thamani ya usiku hupangwa na watangazaji wa biashara, na usiku wa dhahabu ni Alhamisi, kwa sababu filamu mpya huingia kumbini Ijumaa na maduka hujaa Jumamosi. Anayetaka kukushawishi uende sinema au ununue gari wikendi atalipa zaidi kukufikia Alhamisi. Ijumaa umechelewa. Star Trek ya asili ilihamishiwa Ijumaa saa nne usiku mwaka 1968 na msimu huo ukawa wa mwisho wake. Mwaka mmoja kabla ya Miss Match, kituo cha Fox kiliiweka Firefly hukohuko Ijumaa na kuikata baada ya kuonyesha sehemu 11 kati ya 14. Kumi na moja, hesabu ileile. Na kana kwamba mkosi unaambukiza, nahodha wa Firefly, Nathan Fillion, alijitokeza mwaka uliofuata kama mwigizaji mwalikwa katika Miss Match.

Mkosi wenyewe si sheria ya maumbile. Dallas ilitawala Ijumaa katika miaka ya 80, na The X-Files ilizaliwa Ijumaa mwaka 1993. Ila tamthilia inayoanzia huko inahitaji bahati ya kutokuwa na jirani mwenye nguvu, na bahati hiyo Miss Match haikuipata. Usiku uleule, saa ileile ya mbili usiku, CBS ilizindua Joan of Arcadia, kuhusu binti wa shule anayezungumza na Mungu. Mbili mpya, zote zikiongozwa na mwanamke, zote zikilenga familia na wanawake, zikagongana tangu siku ya kwanza. Joan ilijizolea takriban watazamaji milioni 10 kwa wiki. Ilishinda.

Hapa ndipo neno watazamaji linapohitaji kuangaliwa kwa makini. Kampuni ya Nielsen, inayopima nani anatazama nini Marekani, wakati huo ilitegemea sampuli ya kaya 5,000 hivi zenye kifaa maalumu juu ya televisheni, kuwakilisha kaya takriban milioni 108. Kila kaya ilibeba sauti ya kaya zaidi ya elfu ishirini. Kila mwanafamilia alikuwa na kitufe chake cha kubonyeza anapokaa kutazama, na kwa hiyo kituo kilijua si idadi tu bali pia umri na jinsia. Wenye bidhaa walitaka watu wa miaka 18 hadi 49. Bibi wa miaka 63 aliyeipenda Miss Match kwa moyo wote alihesabiwa kwenye jumla, lakini kwenye mkataba wa tangazo alikuwa kivuli. Kuna ukatili fulani humo kwa tamthilia inayotazamwa na watu waliobaki nyumbani Ijumaa.

Ushahidi mzuri ni mshindi mwenyewe. Joan of Arcadia, iliyoishinda Miss Match, ilikatwa mwaka 2005 baada ya misimu miwili tu, watazamaji wake wakiwa wameanza kupungua na wengi wakiwa na umri mkubwa kuliko CBS ilivyotaka. Mahali pake pakawekwa Ghost Whisperer, ya mwanamke anayezungumza na mizimu, na mkuu wa CBS akaeleza hadharani kwamba huenda mizimu inavutia vijana kuliko Mungu. Alisema kwa mzaha, ila hesabu za kituo ndizo zilizokuwa zikizungumza.

Na kwa nini kukata katikati ya msimu, wakati sehemu zimekwisha kupigwa picha na kulipiwa? Ukiwa nje ya biashara hii unaona ni wendawazimu. Lakini kila Mei vituo vya Marekani hukusanya wenye bidhaa New York, huwaonyesha tamthilia za msimu ujao, na kuwauzia sehemu kubwa ya nafasi za matangazo kabla hata kipindi hakijaanza. Katika mauzo hayo kituo huahidi idadi ya watazamaji. Isipofikiwa, kinadaiwa, na deni hulipwa kwa kuwapa wenye bidhaa nafasi za bure kwenye vipindi vingine, nafasi ambazo zingeuzwa kwa pesa taslimu. Kwa hiyo kila wiki kipindi dhaifu kinapobaki hewani deni linakua. Kuonyesha sehemu iliyokwisha kulipiwa kunaweza kugharimu zaidi ya kuitupa kabatini na kurusha marudio ya kitu kingine.

Desturi ya wakati huo ilikuwa kuagiza sehemu 13 kwanza, kisha 9 zaidi zikienda vizuri, ili kutimiza 22. Miss Match ilifika 18. Maana yake ni kwamba ilikuwa imevuka kizingiti cha kwanza, na kazi iliendelea kwa muda baada ya zile 13 za mwanzo, kabla ya kamba kukatwa.

Kuna jambo moja zaidi, na mimi naliona kuwa zito kuliko yote ingawa halionekani kwenye kioo: mwenye mali. Miss Match ilikuwa ya studio ya 20th Century Fox Television na Imagine Television. NBC ilikuwa mpangaji. Utaratibu ulikuwa hivi: saa moja ya tamthilia iligharimu karibu dola milioni mbili kutengeneza, kituo kililipa ada isiyofikia gharama hiyo ili kupata haki ya kuionyesha, na pengo lilibebwa na studio. Studio ilikubali hasara hiyo kwa miaka, kama mkulima wa minazi asiyetarajia nazi msimu wa kwanza, ikitumaini kufikisha sehemu 88 hadi 100. Hapo ndipo marudio yangeweza kuuzwa kwa vituo vidogo na kurushwa kila siku, na pesa halisi kuanza kuingia. Pesa hizo zingekwenda kwa studio. NBC isingeonja.

Zamani kituo hakikuwa na la kufanya, kwa sababu kanuni za serikali za mwaka 1970 zilivizuia vituo vikubwa kumiliki sehemu kubwa ya tamthilia walizozionyesha. Kanuni hizo ziliondolewa katikati ya miaka ya 90, na tangu hapo kila kituo kilianza kumtazama mtoto wa kumzaa tofauti na mtoto wa kulea. Oktoba 2003, Miss Match ikiwa na wiki chache tu hewani, wamiliki wa NBC walitia saini ya kuungana na Universal, yaani kujinunulia studio kubwa. Msimu huohuo NBC ilizindua Las Vegas, tamthilia ambayo studio yake yenyewe ilikuwa na mkono ndani yake. Ilidumu misimu mitano. Umiliki peke yake hauokoi tamthilia, na Las Vegas ilivutia watu. Lakini penye mashaka, mpangaji hakarabati nyumba ya mwenzake.

NBC pia ilikuwa na wasiwasi mkubwa kuliko Kate Fox. Friends, tamthilia yake maarufu ya vichekesho, ilikuwa inaingia msimu wake wa mwisho na ingeaga Mei 2004. Tamthilia iliyotarajiwa kurithi, Coupling, iliyoigwa kutoka Uingereza, ilizinduliwa siku moja kabla ya Miss Match, Alhamisi, mahali pa dhahabu kabisa, na ikaondolewa baada ya sehemu nne. Kituo kilichoungua kiasi hicho hakina subira ya kulea kipindi cha Ijumaa. Kisha Januari 2004 kikaanza The Apprentice, cha watu wasio waigizaji wanaogombea ajira kwa tajiri wa New York. Kipindi cha mashindano ni rahisi kutengeneza kuliko tamthilia, hakilipi timu ya watunzi wa hadithi wala nyota wa filamu, na sehemu ya mwisho ya msimu huo ilitazamwa na watu takriban milioni 28. Baada ya hapo, nani angetetea vichekesho vya wakili vilivyogharimu mamilioni?

Golden Globe nayo haikuwa na uwezo wa kuokoa kitu. Tuzo hiyo ilikuwa ikipigiwa kura na kundi dogo la waandishi wa habari wa kigeni waishio Hollywood, na kundi hilo siku zote lilivutiwa na nyota wa filamu na vipindi vipya. Silverstone alikuwa vyote viwili. Sherehe ilipofanyika Januari 2004 tuzo ilichukuliwa na Sarah Jessica Parker kwa Sex and the City, kazi nyingine ya Darren Star, ambayo ilikuwa kwenye HBO, kituo ambacho wakati huo hakikuuza tangazo hata moja na kiliishi kwa ada za wanachama.

Tofauti hiyo ya namna ya kujipatia riziki ndiyo inayoeleza mengi yaliyofuata. James Roday, aliyeigiza mwanasheria mwenzake Kate katika ofisi ya mzee Jerry, alihamia mwaka 2006 kwenye Psych ya USA Network. Watazamaji wake walikuwa wachache kuliko wanaotakiwa kwenye kituo kikubwa, na bado ilidumu misimu minane, kwa sababu kituo cha kebo hula sahani mbili: matangazo, na ada inayokatwa kila mwezi kwenye bili ya kila nyumba iliyounganishwa, itazame isitazame. Miss Match ingezaliwa huko, na Ijumaa yake ingekuwa na thamani.

Jeff Rake naye alirudi NBC. Mwaka 2018 aliianzisha Manifest, kuhusu abiria wa ndege inayotua baada ya kupotea kwa zaidi ya miaka mitano, na Juni 2021 NBC ikaikata ikiwa na misimu mitatu na hadithi haijaisha. Safari hii hesabu zilikuwa nyingine. Misimu ya mwanzo ilikuwa imewekwa Netflix katika siku zilezile, ikapanda hadi juu kabisa ya orodha ya vinavyotazamwa Marekani, na Agosti Netflix ikaagiza sehemu 20 za kumalizia. Netflix haikuhitaji kumuuzia mtu tangazo Ijumaa usiku, wala haikujali bibi wa miaka 63 ametazama saa ngapi. Alikuwa analipa ada yake kama kijana wa miaka 25. Rake akamaliza hadithi yake mwaka 2023. Ile ya Kate Fox ilibaki na sehemu saba ambazo NBC haikuzirusha kamwe.